Mgeni Haambiwi Hapana

Litiana alizaliwa Taveuni, huko Fiji, kisiwa ambako mvua hunyesha mpaka watu huichukia. Kijito kilipita nyuma ya nyumba yao. Ukitaka kuoga unajitosa, ukitaka kufua unafua. Basi alipoolewa na Vaguna, baharia wa Nukulaelae, akaletwa kwa wakwe kwenye kisiwa chembamba kisicho na mto wala chemchemi, aliendelea kuoga kama alivyozoea. Asubuhi ndoo, jioni ndoo. Vaguna mwenyewe alikuwa ameshapanda meli akaenda zake.

Hakuna aliyemkataza. Wako wasemao mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nukulaelae mgeni hapewi jembe hata akizeekea pale. Haambiwi hapana, hagombezwi, hatumwi. Ni heshima nzuri sana, ila mwaka wa ukame ni balaa.

Na huo ulikuwa mwaka wa ukame. Matangi ya majumbani yalikauka, yakabaki matangi mawili makubwa ya saruji, moja la upande wa Kusini, jingine la Kaskazini. Pande hizo mbili hushindana kwa kila kitu: kuvua, kucheza ngoma, hata kufagia kanisa. Wazee wakaona maji nayo yashindaniwe. Upande utakaokuwa na maji mengi zaidi tangini siku mvua itakaporudi ndio utakaoshinda, na walioshindwa watawapikia wenzao karamu.

Ngomani, Jumamosi jioni, Kaskazini walisimama na wimbo mpya:

"Asante, bata wa Fiji,
oga, mama, oga!
Wewe ukioga huko,
sisi twanenepa huku!"

Litiana alicheka pamoja na ukumbi mzima. Kisha akaona kwamba upande wake, Kusini, hakuna anayecheka, na mama mkwe wake, Sulufaiga, ameinamia mkeka. Kicheko kikamkauka mdomoni.

Njiani kurudi alimshika mkono wifi yake, Pasemeta.

"Wifi, yule bata ni mimi?"

"Achana nao, mgeni wetu. Wivu tu."

"Wifi, nakuapia Mungu, sikuachii mkono mpaka useme."

Pasemeta akapumua. "Ndoo unayoogea jioni ni ya mama. Ndilo fungu lake la maji la siku. Yeye anaoga baharini na hajisuuzi. Hujaiona shingo yake?"

Alikuwa ameiona: chumvi nyeupe kwenye mikunjo, ngozi imewiva kwa vipele. Alidhani ni uzee.

"Sasa mbona hamkuniambia?"

"Mgeni haambiwi."

Asubuhi Litiana alipiga magoti mbele ya mkwewe. "Mama, nigombeze."

"Nikugombeze kwa lipi, mgeni wetu? Kaa, unywe dafu."

"Nimekunyang'anya maji yako."

"Hukuninyang'anya. Tulikupa."

Neno hilo lilimuuma kuliko kofi. Aliona wazi kwamba atazaa humo, atazikwa humo, na bado ataitwa mgeni wetu. Aliona haya, kisha hasira zikampanda, na katikati ya hasira akapata wazo lililomfanya atabasamu. Mgeni haambiwi hapana? Vema. Na tuone.

Tangu siku hiyo aliogea baharini na kujisuuza kwa kikombe kimoja. Ndoo ya jioni akaimimina kwenye mtungi wa mkwewe. Kisha akaanza kupita nyumba kwa nyumba, upande wote wa Kusini.

Wa kwanza alikuwa Teagai, mkuu wa upande huo, mwenye nguruwe wanene kuliko watu.

"Mzee, nina ombi."

"Sema, mgeni wetu. Kwangu ni kwako."

"Nguruwe wako wasinywe maji ya tangi. Wape madafu."

"Nguruwe? Madafu? Na nani atapanda minazi?"

"Wewe, mzee. Naomba."

Teagai akatazama juu, akatazama chini, hakuona pa kupitia. "Haya, mgeni," alisema kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino. Kesho yake kijiji kizima kilimwona juu ya mnazi, akiyatukana makuti.

Litiana hakuishia hapo. Mke wa mchungaji akaombwa maua yake yasimwagiwe maji. Waliofua mashuka kila wiki wakaombwa wayaanike tu juani. Masufuria yakasuguliwa kwa mchanga ufukweni, bomba la tangi lililokuwa likivuja likafungwa mpira. Watu wakawa wakiona nywele zake nene zikipita juu ya ua wanatimua mbio: "Anakuja! Mgeni anakuja!" Lakini ukishaonekana umeonekana, na ukiombwa huna budi kukubali. Kaskazini waliacha kuimba.

Hatimaye wingu jeusi likatokea baharini. Watu walikimbilia matangi kupima kabla tone halijaanguka. Ufito ukazamishwa Kaskazini, mwingine Kusini, zikalazwa bega kwa bega mbele ya wazee. Alama ya maji ya Kusini ilipita ya wenzao kwa shubiri nzima.

Kelele zilizopigwa hapo zenyewe zingeweza kuishusha mvua! Wanawake wa Kusini walirukaruka, Teagai alimkumbatia kila aliyemkaribia, na matone makubwa yakaanza kupiga mabati. Litiana alisimama mikono wazi na kinywa wazi, akilia kwa furaha.

"Litiana!"

Ilikuwa sauti ya Sulufaiga, kali kama upanga.

"Mjinga wewe! Umesimama kama mlingoti, na mfereji wa paa letu umejaa majani! Maji yote yanamwagika chini! Mke gani huyu nimeletewa? Kimbia!"

Watu wote wakamgeukia. Sulufaiga mwenyewe alijiziba mdomo.

"Mmesikia?" Teagai akapiga ukelele. "Kagombezwa! Kagombezwa mbele ya watu! Si mgeni tena huyu! Njoo kesho uniombe kitu, mwanamke, uone jibu langu!"

Litiana hakumsikia hadi mwisho. Alikuwa ameshafika nyumbani, yuko juu ya ngazi, anatupa majani kwa mikono miwili, na mkwewe anafika chini yake akihema na ndoo.

"Na wewe nawe, mama!" alipaaza sauti. "Majani yote haya, siku zote hizi hukuyaona?"

"Ala! Unanijibu?"

"Nakujibu, mama! Nakujibu!"