Karatasi Chini ya Koili

Koili ya tatu ya mota iliyoungua ilikataa kutoka. Ogada aliipasha moto kidogo, vanishi ikalainika, akaibana kwa koleo na kuivuta polepole mpaka ikachomoka kwenye mtaro wake kama jino bovu. Akaikata kichwa kwa patasi, akaanza kuhesabu ncha za waya kwa sindano, moja moja.

Alikuwa anatafuta kosa.

Mota ilikuwa ya Jebet, mwenye kiwanda kidogo cha kupasua mbao kule Elburgon. Kwa wateja kama yeye, chochote kinachozunguka huitwa mota: cha stima mota, cha dizeli mota, hata stata ya lori. Ogada, aliyejifunza kazi peke yake kwa kufungua vitu vilivyoungua, hakuvichanganya. Injini hunywa mafuta, mota hula stima, na kila moja ina kifo chake.

Hii haikuwa imepita mikononi mwake kwa miaka minne. Ilikuwa imehamia ng'ambo ya barabara kwa Kimaiyo, fundi ambaye Ogada mwenyewe alimfundisha, hapo hapo mtaani Free Area, na ambaye sasa ana mashine ya kusuka koili, bango la rangi tatu na wateja wa kupanga foleni. Leo foleni ilikuwa ndefu mno. Ndipo Jebet akavuka.

"Sema tu, mzee, alinisukia vibaya?" Jebet aliuliza, amekalia kreti ya soda. "Watu wanasema Kimaiyo ndiye injini ya hii Free Area. Injini gani hii?"

"Ngoja nihesabu kwanza, mama."

"Hesabu. Ukipata ni makosa yake, kesho nakuletea na zile mota mbili zingine. Kwake sirudi."

Injini ya Free Area! Neno lile lilimchoma Ogada. Miaka ishirini na sita katika kibanda hiki, na hakuna aliyewahi kumwita hata spana.

"Mzee Ogada!" Kimaiyo alipaza sauti kutoka ng'ambo, mikono kiunoni. "Usitoboe siri zangu zote!"

Wateja wake wakacheka. Ogada akainua koleo kumpungia, akacheka meno tu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, alijiambia. Lazima maji yapo humu.

Arobaini na nane. Akarudia. Arobaini na nane.

Hilo hapo kosa. Mota ya namna hii yeye huisuka mizunguko arobaini na nne. Alikuwa ameshafungua kinywa pale sindano ilipogusa kikaratasi kilichokunjwa chini ya koili. Huo ulikuwa utaratibu wake mwenyewe, na alimfundisha Kimaiyo: fundi huacha hesabu yake ndani, ili anayefuata asiteseke. Kingo zilikuwa zimeungua, lakini maandishi yalisomeka: *44 za kwanza zilipata moto sana. Weka 48.*

Za kwanza zilikuwa zake.

"Mama," alisema taratibu, "ilipoungua ile mara ya kwanza, nikiwa nimeisuka mimi, Kimaiyo alikwambia nini?"

"Alisema imechoka tu, uzee. Si makosa ya mtu."

Ogada aliinama juu ya mota. Kijiba cha roho kilipanda zaidi ya asubuhi. Afadhali Kimaiyo angemsema vibaya, angepata pa kumshikia! Kumbe alikuwa amemshinda kwa mkono, tena akamshinda kwa ulimi. Jiko lilikuwa hapo mguuni, makaa mekundu. Karatasi ile ingeungua kabla Jebet hajapepesa jicho, na mota mbili zingevuka barabara.

Akazitazama koili upya. Kati ya mafungu yake matatu, mawili yalikuwa meusi kama mkaa. La tatu liling'aa. Alilijua hilo bila kuhesabu chochote.

"Stima kwako inaingia na nyaya tatu," alisema. "Mmoja ulikatika, na msumeno ukaendelea kuvuta kwa mbili mpaka koili zikaungua. Tafuta fundi wa laini ya stima kabla hujawasha kitu." Akaweka koleo chini. "Kazi ya Kimaiyo ni safi."

"Kwa hivyo si yeye?"

"Si yeye."

"Basi zile mbili nitampelekea. Hii yako itakuwa tayari lini?"

"Kesho jioni."

Jebet alivuka barabara moja kwa moja. Ogada alimwona Kimaiyo akimvutia kiti, kiti cha kuegemea, si kreti. Akageuza mgongo, akafunga waya mpya kwenye kalibu ya mbao na kuanza kuzungusha kwa mkono. Mashine ya ng'ambo ililia, ikamaliza koili nzima kabla yeye hajafika kumi.

Jioni kazi ilikuwa bado nusu. Kwenye koili ya mwisho ya siku, kama kwenye zote kabla yake, alifika arobaini na nne, mkono ukasita wenyewe. Akaongeza nne, polepole, kama mtu anayelipa faini. Kisha akafunika mota kwa gunia.

Kikaratasi kipya kilibaki mezani chini ya koleo. Alikuwa ameandika *48*. Jina la mwenye hesabu hiyo angeandika kesho.