Koti la Bohdan Halitoki

Ijumaa mchana, akina mama wa parokia walikuwa ukumbini chini ya kanisa wakifunga perogi, vitumbua vya unga vya kuchemsha vilivyojazwa viazi, unga umewaganda vidoleni. Larysa Hrycyna aliingia akiwa bado na kitambulisho cha kazini shingoni, akasimama nyuma ya mama yake, Marta, bila kuvua kofia. Alikuwa muuza tiketi wa Wakata Magogo, timu pekee ya kulipwa ya hoki ya barafuni ambayo mji wa Port Lachance umewahi kuwa nayo. Alikuja kwa siri. Tajiri yake, Bwana Penhale, mwenye timu, angejua asingefurahi.

Alisema wageni wa ligi wangekuja kesho kwenye mechi, kwa mara ya mwisho, kuamua kama Penhale aruhusiwe kuihamishia timu kusini, kwenye mji wa joto wenye uwanja mpya. Kwa hiyo aliomba jambo moja. Makoti yatolewe vitini, ili viti viuzwe.

Mikono yote mezani ilisimama.

Pale Port Lachance, mtu aliyelipia kiti cha msimu mzima akifa, kiti chake hakiuzwi. Familia huendelea kukilipia, na kila mechi hukivalisha koti lake, mikono ikining'inia pembeni. Tangu kiwanda cha karatasi kifungwe, vijana wameondoka na wazee wamezikwa, na upande wa kaskazini wa uwanja makoti yamezidi kuwa mengi. Msimu uliopita wageni wa ligi waliyatazama kutoka mbali, wakayahesabu kuwa viti vitupu. Walisema mji umeipa timu kisogo. Penhale aliyajua yote hayo, na hakuwasahihisha.

"Mama, nisikilize," alisema Larysa. "Hata mimi ningekuwa ligi ningeihamisha. Wale wachezaji wana haki ya kuchezea watu wanaopumua."

"Baba yako hajakosa mechi hata moja tangu afe," Marta alijibu bila kugeuka. "Nitajie mzima mmoja wa mji huu anayeweza kusema hivyo."

"Na siku hizi hamtukani mwamuzi," alisema Dolores Paquin kutoka upande wa pili wa meza. "Kifo kimemtengeneza."

Wote wakacheka, hata Larysa, lakini macho yake yalikuwa mekundu. Alimwambia mama yake kwamba timu ikienda, Penhale amemwahidi kazi huko huko kusini, na kwamba hajui tena anaomba nini. Kisha akapanda ngazi akaondoka.

Marta alirudi nyumbani kwa miguu huku akisali, kama ilivyo desturi yake, kwa sauti ya chini, mvuke ukimtoka mdomoni. Wengi huomba wapewe moyo wa kuachilia. Yeye alikwisha kuachilia mume, na kazi ya kiwandani, na watoto wawili waliohamia mbali. "Bwana," alisema, "hilo la kuachilia nimelijua vya kutosha. Nifundishe kushikilia bila kuwa mjinga."

Hakusikia jibu. Aliwasha jiko, na nyumba ilipokawia kupata joto akalitwaa koti la marehemu mumewe, Bohdan, msumarini, lile la mirabaraba myekundu na myeusi, akalivaa. Alikaa kitako jikoni. Koti lilikuwa zito, na lilipasha joto vizuri kama siku liliponunuliwa. Lilikuwa zima. Akanyanyua simu akampigia Dolores.

"Hatuyatoi," alimwambia. "Lakini hatuyaachi yaning'inie. Kila koti liingizwe mtu. Asiye na kiti. Waambie wengine."

Siku iliyofuata upande wa kaskazini ulijaa. Wauguzi wa Kifilipino wa nyumba ya wazee waliketi ndani ya makoti ya wakata miti, mikono ikiwafunika vidole. Wanaume waliopunguzwa kiwandani, ambao walikuwa na aibu ya kuja, walivaa makoti ya waliokuwa wasimamizi wao. Muuguzi mmoja alimuuliza Dolores kama mwenye koti alikuwa mtu mwema. Dolores akasema hapana, lakini alikuwa na sauti, kwa hiyo apige kelele.

Kiti cha Bohdan peke yake kilikuwa hakijapata mtu. Larysa aliposhuka ngazi kuona kilichotokea, Marta alimnyooshea koti.

"Vaa."

"Mama, niko kazini."

"Ndiyo maana. Vaa, ukae."

Larysa alitazama juu, kwenye chumba cha vioo, ambako Penhale alikuwa amesimama na wageni wake. Kisha akalivaa.

Wakata Magogo walikuwa wameshafungwa mabao mawili wakati mlinzi alipokuja akiwa ameinama, kama mtu anayepita katikati ya ibada. Alisema Bwana Penhale anamwita Larysa juu sasa hivi, aje awaeleze wageni watu hawa ni akina nani. Na alivue hilo koti kwanza.

Marta alishika rozari ndani ya mfuko wake na kutazama barafu, maana jambo hili halikuwa lake kulijibu.

"Mwambie wageni washuke wenyewe waulize," alisema Larysa. "Mimi nimekaa kwa baba."

Mlinzi alimtazama, akaitikia kwa kichwa, na kabla ya kupanda akaligusa bega la koti lile kwa heshima.

Mgeni mmoja kweli alishuka. Alizunguka kati ya viti hadi mechi ikaisha, akiuliza majina, na kila aliyeulizwa alitaja mawili: la kwake, na la mwenye koti.

Jumatatu Larysa hakuwa na kazi. Masika ligi ikamkatalia Penhale, kwa mwaka mmoja tu, na yeye akatangaza kwamba ataomba tena. Dolores alisema na aombe, kuomba ni bure, Marta anaomba kila siku.

Vuli iliporudi na msimu mpya ukaanza, Penhale aliingia kwenye chumba chake cha vioo na kutazama upande wa kaskazini. Koti la mirabaraba lilikuwa pale pale, mabegani mwa Larysa. Lilikuwa limesimama, mikono imekunjwa mara mbili, likimtukana mwamuzi.