Kutumwa Poste

Saa mbili asubuhi Arlette alishika kipaza sauti cha phonie, redio ya kuwasiliana na zahanati, akaanza kuita zahanati za mbali moja moja, kama alivyofanya kwa miaka tisa. Poste ya kwanza, kimya. Ya pili, redio ilikoroma tu. Ya tatu iliteketea mwezi wa Agosti pamoja na mkunga wake.

Kabla ya vita, kila mtu mtaani Nyakasanza, mjini Bunia, alijua poste ni nini: nyumba moja ya bati porini, muuguzi mmoja, kitanda cha kuzalia, na waya wa antena juu ya mti. Muuguzi akipangiwa huko, majirani walimpa pole na kuku. Tangu wenye bunduki wauteke mji na kuikalia nyumba ya phonie, ilibaki kuitika poste moja tu, nayo haikuwemo kwenye ramani yoyote. Kamanda wao alimpa Arlette majina ayasome hewani: mwalimu Anselme anatumwa poste. Jioni sauti ilijibu, "Bien reçu, tumesikia. Alifika," naye Arlette akaurudia ujumbe huo kwa ndugu waliosubiri dirishani.

Siku moja Arlette aliuliza kama mwalimu anahitaji chaki. Sauti ile ilicheka mpaka ikapaliwa.

"Mama, huku hakuna masomo. Huku tunachimba, tunafukia."

Alielewa. Lakini alikuwa na mama kipofu mtaani Bigo, na kamanda aliujua mlango wao. Akaendelea kusoma. Jumanne alisoma jina la Katsuva, muuguzi wa kabila la Kinande aliyemtibu mama yake bila kuchoka. Alilisoma vizuri, bila kukwama, na hilo ndilo lililomtisha.

Leo, Ijumaa, mke wa Katsuva, Léonie, aliingia na watoto wawili. Alivaa kitenge cha kanisani, na kichwani alibeba godoro lililofungwa kwa kamba.

"Jambo, mon commandant. Bwana yangu iko poste. Nani anamupikia kule? Munipatie ruhusa nimufuate na batoto."

Kamanda aliweka kikombe cha chai chini. Aliwatazama watoto kwa upole.

"Muke muzuri ni ule anafuata bwana yake. Camionnette inatoka sasa hivi."

"Mon commandant," Arlette alisema, "poste haina nyumba ya famille."

"Tutabatengenezea nafasi."

Akatoka kumwita dereva. Arlette alimkamata Léonie mkono.

"Pitia nyuma na batoto, ukimbie. Hakuna poste. Kule banabaua tu. Katsuva alishakufa."

Léonie aliuvuta mkono wake taratibu.

"Jumanne nilisimama hapa ku dirisha. Nilikusikia na masikio yangu unasema: alifika muzuri. Alifika ao hakufika?"

"Nilisema vile banasema."

"Na leo unasema vile nani anasema? Munataka siye Banande tukimbie, nyinyi ba kabila ingine mubakie na nyumba yetu." Alilirekebisha godoro kichwani. "Bwana yangu hakukuuliza kabila alipochoma mama yako sindano."

Nje, askari aliwapokea watoto kwa adabu, akawapandisha garini pamoja na mama yao. Kamanda alirudi na karatasi, akaiweka mezani, akasimama nyuma ya kiti cha Arlette. Majina matatu: Léonie, Christian, Tina.

Arlette alibonyeza.

"Bunia inaita poste."

"Poste inasikia."

Aliyasoma. Kukawa na mkwaruzo mrefu, kisha sauti ikauliza, kama fundi anayeuliza habari ya mlango:

"Bote bakubwa? Tujue kipimo."

Arlette alichungulia dirishani. Injini ilikuwa imewaka. Tina, aliyeketi juu ya godoro, alimwona, akampungia mkono. Pumzi ya kamanda ilimgusa kisogo.

"Mukubwa moja," Arlette alisema. "Badogo babili."

"Bien reçu," sauti ilijibu. "Hiyo ni kazi kidogo."