Tangi Hadi Shingoni

Siku ya tatu mfululizo Hajati Hajara aliingiza kichwa ndani ya gari lake, akavuta pumzi, akakitoa upesi.

"Faruku, hii ni petroli. Unabeba majerikeni huku nyuma."

"Wallahi, Hajati, sijabeba."

"Mdomo inaapa, gari inanuka. Kesho tukitoka swala ya Juma unipe funguo. Shafic ataendesha."

Shafic ni mpwa wake, kijana wa kupiga pasi mashati. Faruku alikuwa ameliendesha gari lile kuukuu la viti saba kati ya Kasese na mji wa mpakani wa Bwera kwa miaka sita, na hata kibiriti cha abiria hakikuwahi kupotea humo. Kupoteza kazi kungemuuma, lakini kuitwa mtu wa magendo kungemmaliza. Na mpakani watu hawangoji ushahidi: gari likinuka petroli, kesi imekwisha.

Alikuwa ameosha mazulia mara mbili. Alikuwa ametundika kadi ya manukato kwenye kioo, gari likawa linanuka petroli iliyojipamba kwa Idi. Wala Hajati hakuwa mtu wa kuamini maneno. Kila jioni alisimama mwenyewe penye pampu, na pampu ikijikata, aliamuru, "Tikisa!" Faruku na Ronah, msichana wa pampu, walilisukuma gari huku na huku kama wanambembeleza mtoto, hewa itoke, petroli ipande hadi shingoni. Tangi likijaa namna hiyo mbele ya macho yake, dereva hana pa kuibia.

Alhamisi hiyo hiyo Faruku akaomba jambo moja tu: fundi aliangalie. Hajati alikubali, akapanda mbele, mkoba mapajani, asije mtu akatupa majerikeni njiani.

Huko Bwera, Sosthène, fundi wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, asiyependa maneno mengi, hakuuliza lolote. Alilala chini ya gari, akanusa kama mtu anayeonja mchuzi, akatoka na kopo jeusi la plastiki.

"Mama, angalia. Hii iko na makala ndani. Inakamataka mupumuzi ya esanse, isitoke inje. Kamudomo kake kamepasuka."

Kweli, kwenye kopo hilo la makaa linalonasa mvuke wa petroli, mdomo mdogo wa plastiki unaoshika paipu ulikuwa umepasuka. Harufu ilikuwa na jina, na jina hilo halikuwa la Faruku.

Sosthène akalitikisa kopo. Petroli yenyewe, si mvuke, ikamwagika mchangani.

"Lakini hapa esanse ya mayi haiingiaka. Nani anajazaka tangi mpaka inapita?"

Faruku akatazama viatu vyake. Mtu hamuumbui mkubwa wake mbele ya fundi. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, ila hawakusema nani amwambie mwenye nguo.

"Ni mimi," Hajati akasema.

Sosthène, Mungu ambariki, alijifanya anatafuta spana.

Gundi haikufaa, plastiki ilikuwa imezeeka, ikiguswa inamomonyoka kama biskuti. Lakini nyuma ya gereji lilikaa gari la aina ileile, lililokufa kwa ajali, na kopo lake bado zima. Moja tu. Likivunjika wakati wa kutolewa, hakuna jingine Bwera nzima. Sosthène aliomba maji ya moto. Hajati mwenyewe akaleta chupa ya chai ya mama wa jirani iliyojaa maji ya moto, akamimina polepole juu ya paipu ilegee, huku fundi akivuta kidogo kidogo na Faruku akisoma kila dua aliyoijua. Kopo likatoka zima.

"Alhamdulillahi!" Hajati ndiye aliyepiga kelele kwanza.

Fundi alipolifunga kwenye gari lao, walirudi Kasese madirisha yamefungwa. Kulinuka vumbi na manukato tu. Hajati akaing'oa ile kadi, akaitupa.

Ijumaa baada ya swala, Shafic alikuwa kando ya gari, shati limenyooka, mkono umetangulia kupokea funguo. Watu walikuwa wengi.

"Shafic, panda nyuma," Hajati akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Nilisema huyu anabeba magendo. Si kweli. Faruku, unisamehe."

Faruku akafungua mlango akaketi, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo mabega yake yakashuka.

Jioni penye pampu, bomba likajikata lenyewe. Ronah, kwa mazoea, akaweka mkono juu ya paa tayari kutikisa.

"Ondoa mkono!" Hajati akafoka, kana kwamba ni Ronah aliyebuni mchezo huo. "Unataka kuniharibia gari? Ikisema imetosha, imetosha."

Faruku akageuka pembeni acheke. Alipogeuka tena, akaona jambo ambalo hakuwahi kuliona kwa miaka sita: Hajati hakuwa ameshuka kusimamia pampu. Alikuwa ameketi kitini, amefumba macho, anamngoja dereva wake.