Upande wa Mama

Kwetu kila mtu alijua mwenye sauti ni mama mkubwa. Ushahidi ulikuwa santuri moja aliyoimba na mama yangu wakiwa wasichana. Fundi wa studio alimweka kila mmoja kwenye spika yake: mama mkubwa kulia, mama kushoto. Spika ya kulia ilinguruma, ya kushoto ikanong'ona. Mama aliisikia sauti yake hivyo mara mbili tatu kwenye gramafoni ya nyumbani, akaacha kuimba kabisa, hata jikoni. Juzi binti yangu alipomwomba amwimbie siku ya harusi yake, alijibu, "Sauti sina, mjukuu wangu. Kaulize santuri."

Binti akasema basi angalau santuri yenyewe isikike ukumbini, na kazi ya kuirekodi nikatwishwa mimi. Jumamosi asubuhi, nyumbani kwa mama, nikaunganisha gramafoni ile ile na kompyuta. Mama mkubwa alifika bila kuitwa, akavuta kiti hadi kwenye spika ya kulia.

Kwenye kioo cha kompyuta mistari miwili ya kijani ilionyesha nguvu ya sauti. Wa kulia ulipanda hadi juu, wa kushoto ukajikokota chini.

"Si nilisema?" mama mkubwa akadakia. "Huyu nilimbeba mgongoni wimbo mzima!"

Mama alicheka, ila macho aliyashusha sakafuni, na mimi nikaumia.

Sasa mimi kushindwa na waya sitaki hata kusikia. Nikabadilisha nafasi za nyaya mbili nyuma ya kompyuta, wa kulia ukaenda kushoto. Unyonge nao ukahamia upande wa pili, kwa hiyo kompyuta haikuwa na kosa. Nikazirudisha, nikaweka santuri nyingine, ya ala tupu. Kushoto kukanong'ona vile vile! Mgonjwa alikuwa gramafoni, si mama.

Nikachomoa kichwa cha sindano. Nyuma yake zilikuwepo nyaya nne nyembamba kama nyuzi, na pale ulipochomekwa mweupe, wa upande wa kushoto, palikuwa pameota kutu ya kijani. Nikapasugua kwa pamba na spiriti, huku nikitoa maneno ambayo mama mkubwa aliniambia niyameze.

Nikarudisha kichwa na santuri yao, sindano ikashuka. Mistari ikapanda sawa, na kushoto ikatoka sauti ya msichana, nzito, imetulia, imeushika wimbo kutoka chini huku ya kulia ikirukaruka juu yake.

Wimbo ukaisha, mama mkubwa akamtazama mama.

"Kumbe wewe ndiye uliyenibeba," alimwambia mdogo wake. "Na mimi miaka yote hii naringa!" Kisha akanigeukia. "Rudisha mwanzo, mwanangu. Na mimi unipunguze kidogo, nimsikie."

Sikuwahi kurudisha. Santuri ilikuwa imesimama, na mama alikuwa ameshaanza kuimba mwenyewe.