Kikohozi cha Baba Mkwe

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ikupa angewauliza wahenga hao: mwenyeji yupi? Maana tangu Fauzia ahamie kutoka Tanga, yeye mwenyeji wa hospitali ile ya Tunduma alikuwa anaugua, na ugonjwa wenyewe ni wivu.

Wote wawili kazi yao ilikuwa moja, kuwalaza wagonjwa nusu kaputi na kuwaamsha. Ikupa ndiye mkongwe. Lakini wagonjwa wake, akiwatoa tu mrija wa kupumulia kooni, walikohoa mpaka kitanda kikatikisika. Wa Fauzia walifumbua macho kimya, kama mtoto aliyetoka kunyonya. Daktari wa upasuaji, Osea, hakuwa na haya: "Fauzia, una mkono wa baraka." Mbele ya Ikupa! Ikupa akacheka kwa meno tu.

Mara akaletwa baba mkwe wake, mzee Mbonile wa Iyula, rovu limemjaa shingoni. Ikupa alitamani mno amlaze yeye, ukoo mzima wa mumewe umwone. Thubutu! Kwao mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, hata maji hampi mkononi. Leo amtie vidole mdomoni? Mzee akaenda kwa Fauzia. Mama mkwe naye akatia chumvi kwenye kidonda: "Afadhali. Tumesikia wa huyo hawakohoi."

Kabla ya upasuaji Fauzia alimhoji mzee. "Babu, unavuta sigara?"

"Mimi? Mzee wa kanisa?" Mbonile alikuja juu. "Tumbaku ni ya shetani!"

Ikupa alikuwa nyuma ya pazia, akasikia kila neno. Na ukweli aliujua. Kila akienda Iyula aliuona moshi ukipanda nyuma ya vichanja vya kahawa, na alfajiri alisikia kifua cha mzee kikikoroma. Wakamwana wote walijua, wote walinyamaza. Kifua cha namna hiyo, mrija ukitolewa kama kwa mtu mwingine yeyote, kitalipuka kwa kikohozi. Na shingo iliyotoka kushonwa haitaki kikohozi: mshipa ukiachia, damu hujaa humo ndani ikamkaba mtu.

Akakaa kimya. Tusidanganyane, haikuwa mila iliyomfunga mdomo. Alikitaka kikohozi hicho. Kimoja tu, kikubwa, Osea akisikie, mama mkwe akisikie huko nje kwenye benchi, tuuone huo mkono wa baraka!

Upasuaji ukaenda vizuri. Ikupa alikuwa mlangoni akikunja mashuka, akamsikia Osea akisema, "Haya, namalizia kushona." Akayaachia mashuka. Yesu wangu, mzee atakufa, na mimi ndiye niliyemuua!

Akasukuma mlango, akageuzia uso ukutani asimwone mkwe wake. "Fauzia, usiutoe! Anavuta huyo, miaka na miaka!"

Fauzia hakuuliza mara mbili. Mzee akiwa bado amezama usingizini, akamfyonza makohozi yote, akampulizia dawa ya kufungua kifua ndani ya mrija, akamwongezea ganzi kidogo kwenye mshipa. Kisha akasubiri. Mzee akaanza kupumua mwenyewe, akafumbua macho, mrija ukatoka.

Ikupa, uso ukutani, alikisikilizia kikohozi. Hakikuja. Akamshukuru Mungu kwa moyo wote, na papo hapo roho ikamuuma upya, maana kimya kile kizuri kilikuwa cha Fauzia.

Huko nje mama mkwe alipiga vigelegele, akamkumbatia Fauzia asitake kumwachia.

"Mama, mshukuruni Ikupa," Fauzia akasema. "Ndiye aliyeniambia kwamba babu..."

Ikupa akamfinya mkono. Wazee wa kanisa, wenzake Mbonile, walikuwa wamesimama palepale.

"Kwamba nini?" mama mkwe akauliza.

"Kwamba ni mkwe wangu," Ikupa akadakia. "Amwangalie vizuri."

Mama mkwe akampandisha na kumshusha kwa macho. "Sasa mtu anayeijua kazi yake unamwambia hayo ya nini? Punguza maneno, mwanangu. Kaa na mwenzio akufundishe."

Ikupa akapiga magoti, kama mkamwana anavyotakiwa, akaitikia, "Ndiyo, mama."