Supu ya Chupa ya Tatu

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, supu ya kuoteshea vijidudu katika chupa ya tatu ilikuwa na ukungu. Nadhira, mpimaji wa dawa, aliiinua mbele ya taa na kuitikisa. Ukungu ukapanda kutoka chini. Ndani yake alikuwa ametia dawa ya sumu ya nyoka, ambayo kiwanda chao kidogo cha Garsen hutengeneza kwa damu ya ngamia. Dawa safi huiacha supu ikiwa angavu. Chupa ya ulinganisho, isiyotiwa dawa, ilikuwa angavu. Kwa hiyo vijidudu vilikuwa kwenye dawa, na vichupa thelathini vya dawa hiyo vilivyokuwa kabatini visingetoka.

Hajavua glavu, akasikia mfupa ukivunjika.

Mlangoni, Dabaso, askari wa zamu, alikuwa amepigwa rungu la taya. Meno yake mawili yalikuwa sakafuni. Juu yake alisimama Hirbo, mfugaji Muorma, na nyuma yake ndugu zake wawili walikuwa wamembeba mkewe, Kadra, kwenye mkeka. Nyoka aina ya bafe alikuwa amemuuma Kadra akikata nyasi. Mguu ulikuwa umevimba mpaka nyonga, ngozi imepasuka, fizi zinatoka damu.

"Hospitali nasema dawa imeisha," Hirbo alisema. "Nasema iko hapa."

"Ipo, kaka. Lakini ina vijidudu. Nikimtia mshipani itamuua."

"Na nyoka nafanya nini? Nacheza na yeye?"

"Gari letu liko nje. Mpelekeni Malindi."

Hirbo aliwageukia ndugu zake. "Sikia. Daktari natuma maiti safari."

Ndugu mmoja alitoka nje akakitia moto kibanda cha Dabaso, ili daktari afikiri haraka. Moshi wa makuti ukaingia ndani. Hirbo alichomoa panga akavunja kioo cha kabati. Nadhira alimtangulia. Alivuta sinia ya vichupa, akaimwaga sakafuni, akavikanyaga kwa viatu vya kazi. Panga lilimpata mkono wa kushoto na kuishia kwenye mfupa. Aliendelea kukanyaga.

Hirbo aligeukia meza na kuzifagia chupa za supu kwa ubapa wa panga. Supu ilimrukia usoni. Alijifuta, kisha akanusa kiganja chake.

"Hii si moshi ya makuti," alisema. "Hii ni moshi ya kibuyu. Nani nafukiza chupa?"

Darmi, mwosha chupa, alitoka nyuma ya karo. Alimjibu Hirbo kwa Kiorma, kisha akamgeukia Nadhira.

"Ni mimi, dada. Zilitoka kwenye tanuri la kuua vijidudu zikinuka vibaya. Nikazifungua, nikazifukiza kama vibuyu vya maziwa. Nilitaka ziwe safi."

"Zote?"

"Sanduku la kwanza tu. Makaa yalizimika."

Chupa ya tatu ilitoka sanduku la kwanza; ya ulinganisho ilitoka la pili. Nadhira mwenyewe ndiye aliyeichukua huko. Huenda vijidudu viliingia Darmi alipofungua chupa, si pamoja na dawa. Kipimo kile hakikuthibitisha lolote.

"Basi dawa nakuwa mzuri," Hirbo alisema.

"Sijui."

"Wewe nakanyaga, na hajui."

Alimpiga Nadhira ngumi ya mdomo, na alipoanguka juu ya vioo alimpiga teke la mbavu. Darmi alimshika mguu. Hirbo akampiga na yeye. Ndugu zake walimvuta aliposhika panga tena, kwa sababu Kadra alikuwa ameanza kutetemeka mwili mzima.

Waliondoka na gari la kiwanda. Kadra alikata roho njiani kwenda Malindi, kabla ya kufika Gongoni.

Siku ya pili, akifagia vioo, Darmi alikuta kichupa kimoja kizima cha dawa chini ya kabati. Nadhira, mkono ukiwa na nyuzi za mshono, alikipima kwa chupa mpya alizozifungua yeye mwenyewe, na ya ulinganisho akaitoa sanduku moja nazo.

Siku ya kumi na nne ya kipimo supu zote, ya dawa na ya ulinganisho, zilikuwa angavu.